Mkono Usiopimwa Presha

Wanafunzi wa udaktari wanakuja Alhamisi saa saba mchana, nikiwa nimetoka kwenye mashine ya kusafisha damu na miguu yangu bado haijui imekanyaga wapi. Wanakuja sita sita, makoti meupe yaliyopigwa pasi na mama zao, vipimo vya kusikilizia moyo vikining'inia shingoni hata wanapokwenda kununua sambusa. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, na kazi yangu ni kuwa ugonjwa wao.

Daktari wetu bingwa wa figo, mama mfupi asiye na muda wa porojo, ndiye aliyeniomba. Alisema wagonjwa wengi wakiulizwa wanaumwa nini wanajibu "mwili mzima," na vijana wanaandika hivyo hivyo, mwili mzima. Alitaka mgonjwa anayejua kueleza. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nilikuwa nimestaafu ualimu, sina tena mtu wa kumsahihisha isipokuwa mke wangu, na mke wangu hasahihishiki.

Nilifundisha baiolojia katika sekondari moja ya Temeke miaka ishirini na minane. Figo nimeichora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nilikuwa na chaki nyekundu ya mshipa unaoingiza damu na ya bluu ya mshipa unaoitoa, na mwanafunzi aliyezichanganya alisimama mpaka kengele. Nilikuwa pia na mtindo wangu wa kufundisha ambao walimu wenzangu hawakuupenda na mimi niliuonea fahari. Mwanafunzi akikosea ubaoni sikumkatisha. Nilimwacha aandike kosa lake lote, mstari baada ya mstari, alipigie na mstari chini, aweke chaki, ageuke. Hapo ndipo nilimuuliza, taratibu kabisa, "Umemaliza?" Akijibu ndiyo, mwalimu, darasa zima linaangua kicheko, maana wote walishaona. Niliamini kwamba kosa likikatishwa katikati halimfundishi mtu kitu. Lazima liachwe liive.

Basi mwalimu huyo wa figo, mwenye chaki zake mbili, alikuwa na presha. Iligunduliwa siku wauguzi walipokuja kutupima kwenye chumba cha walimu. Nikapewa vidonge, nikavimeza mwezi mmoja, nikajisikia mzima, nikaviacha, kwani mtu mzima anameza dawa ya nini? Mwanafunzi wa kidato cha tatu angeniletea hoja hiyo ningemtoa nje. Magoti yakawa yananiuma kwa kusimama, nikaanza kununua diklofenaki, dawa ya maumivu inayochakaza figo, kwenye duka la dawa la mtaani kwetu kama watu wanavyonunua pipi. Asubuhi kidonge, jioni kidonge, na wakati wa kusahihisha mitihani naongeza cha mchana. Muuzaji hakuniuliza kitu wala mimi sikumuuliza kitu. Tulielewana kama wezi.

Miguu ikavimba, nikasema ni viatu. Nikawa najikuna mgongo kwa rula ndefu ya ubaoni, nikasema ni jasho la Dar. Chakula kikawa na ladha ya msumari, nikamlaumu mke wangu na sufuria zake. Ngazi tatu za kuingilia ofisini zikawa zinanikata pumzi, nikasema ni umri. Figo ndivyo zilivyo, hazipigi kelele wakati zinakufa, lakini zangu zilikuwa zimeshaanza kupiga kelele na mimi nikaendelea kuzitafutia visingizio. Mke wangu aliishia darasa la saba, anauza vitenge Tandika. Asubuhi moja alinisogelea akanirekebisha kola, akarudi nyuma hatua moja. "Mwalimu, wewe unaumwa," akasema. "Mdomo wako unanuka mkojo."

Ndiye aliyegundua ugonjwa wangu. Hakuwahi kuiona ile picha yangu ya ubaoni.

Tulipofika hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimeshasinyaa. Daktari aliyenipokea aliniuliza kazi yangu, nikasema mwalimu. Akauliza wa somo gani, nikasema hesabu. Mke wangu alinitazama.

Hiyo ndiyo historia ambayo vijana wanaipata kwangu, ila kwao pia nimebaki mwalimu wa hesabu. Kila kundi jipya nalianza na swali moja: figo inafanya kazi gani? Kila kundi linajibu kwa pamoja kwamba inachuja. Kama wanajua hilo tu, nawaambia, warudi nyumbani wakachuje chai. Figo ndiyo inayoiagiza mifupa itengeneze damu, ndiyo maana mimi nina rangi ya majivu na nachomwa sindano ya kuongeza damu. Figo ndiyo inayoiamsha vitamini ya jua ili mifupa ishike chokaa, ndiyo maana nikiinuka kwenye kiti nyonga zangu zinalia. Figo inaituliza presha, na presha hiyo hiyo ndiyo inayoiua figo, na figo ikishaumia presha inazidi kupanda, zinakulana hivyo mpaka mwisho. Figo ndiyo inayoyatoa maji, kwa hiyo mimi nikinywa maji kama mtu mwingine yananipanda hadi kwenye mapafu. Tena inatoa potasiamu, na potasiamu ikijaa moyo unaweza kusimama bila hodi. Jirani yangu, mtu wa sala tano, aliniletea kichane cha ndizi na madafu matatu ili "nisafishe figo." Alikuwa ananiletea jeneza kwa upendo wote.

Nayasema haya kwa sauti ya darasani, wanaandika mbiombio, na moyoni nilikuwa nawadharau kwa kutoyajua. Mimi huyu, ambaye kwa miaka ishirini na minane niliwaandikia watoto wa Temeke ubaoni kwa herufi kubwa: FIGO NI CHUJIO.

Lakini somo kubwa lilikuwa mkononi. Kabla mashine haijaweza kuisafisha damu ya mtu inahitaji mahali pa kuivutia na mahali pa kuirudishia, na mishipa ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo daktari wa upasuaji alinipasua kidogo juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, akaunganisha mshipa unaotoka moyoni na mshipa unaorudi. Ule unaorudi, kwa kupigwa na damu yenye nguvu, ukanenepa mpaka ukawa kama kamba chini ya ngozi. Wenyewe wanaita fistula. Neno hilo mtaani lina habari nyingine ya akina mama waliopata shida katika kujifungua, kwa hiyo nyumbani tunasema mshipa tu. Mshipa huo unatetemeka muda wote. Ukiuweka sikioni unasikia mvumo, kama mashine ya kusaga iliyoko mtaa wa pili. Mke wangu alilalamika miezi miwili kwamba mkono wangu unampigia kelele kitandani, halafu akauzoea, halafu akawa hapati usingizi asipousikia.

Masharti yake nayajua kuliko shahada. Mkono ule haubebi ndoo wala haulaliwi. Hauvaliwi saa. Hauchomwi sindano na yeyote isipokuwa wauguzi wa mashine. Na haupimwi presha kamwe, maana ule mpira wa kipimo ukiukaba mkono damu inasimama, na damu iliyosimama kwenye mshipa kama huo inaweza kuganda. Ikiganda, mshipa umekufa, na aliyeutegemea anaanza upya kutafuta mahali pa kuunganishia uhai wake. Kila alfajiri nikitawadha, maji yakishafika kwenye mkono wa kushoto, kiganja cha kulia kilikuwa kinakutana na ule mtetemo. Nilikuwa nashukuru kabla hata sijasimama kwenye mswala.

Katika kundi lile ninalotaka kulieleza walikuwamo wawili ambao sitawasahau. Mmoja alikuwa kijana wa Msasani, mrefu, ananukia vizuri, mwepesi wa kujibu kuliko mwenzake yeyote. Ulikuwa hujamaliza swali, kashaanza jibu. Alhamisi yao ya kwanza ndiye aliyeyataja masharti ya mshipa, yote, bila kumeza mate, na akamalizia na jina la dawa ambayo hata mimi sikuijua. Nilimchukia papo hapo. Nimewafundisha wengi wa aina yake. Wanakariri kama kasuku, unawapa alama zote kwa sababu hakuna namna ya kuwanyima, na unabaki na hasira yako.

Wa pili alikuwa binti kutoka bara, mnene kidogo, mwenye daftari la kurasa nyingi na kalamu iliyotafunwa. Huyu nilimdharau kwa sababu nyingine. Alikuwa mzito. Wenzake waligusa mshipa wangu sekunde mbili wakasema "ndiyo, upo," yeye aliweka vidole vitatu akafumba macho, akakaa hivyo mpaka daktari bingwa akakohoa. Ukimuuliza swali anakutazama kwanza. Siku moja nilimuuliza kama anasubiri jibu lishuke kutoka kwenye dari, wenzake wakacheka, yeye akasema, "Hapana mwalimu, nafikiri tu," na akaendelea kufikiri.

Alhamisi ya tatu nilitoka kwenye mashine nikiwa na baridi. Walinitoa maji mengi siku hiyo na presha ilikuwa chini, nilikuwa naona vitu vya mbali vikicheza. Muuguzi akaniletea sweta. Nikalivaa, mikono yake ikanifika mpaka viganjani, na nilipokaa kwenye kiti changu nikatambua kwamba mshipa hauonekani. Nakumbuka vizuri nilivyofurahi. Nikajiambia, leo tutaona nani anajua na nani amekariri.

Daktari bingwa akawaambia waanze na presha, kisha akaitwa wodini. Alipotoka, kijana wa Msasani akawa ameshachukua kipimo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai ya rangi, nusu kikombe, ndio mgao wangu wa mchana. Hata hakuniuliza. Akapiga goti upande wa kushoto, akaufunga ule mpira juu ya kiwiko, juu ya sweta, huku akiwaeleza wenzake habari za mechi. Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nguvu za kuutumia. Badala yake nilipiga funda la chai.

Binti wa bara akainua kichwa kutoka kwenye daftari. Alitazama mkono, akanitazama mimi, akafungua mdomo. "Samahani, lakini huo si ndio..."

Nikamwonyesha kidole. Kile kidole changu cha darasani, kinachosimama wima mbele ya midomo, ambacho kilinyamazisha wenye kiherehere wa madawati ya mbele kwa miaka ishirini na minane. Akanyamaza. Mtoto wa watu aliyelelewa kuheshimu wakubwa, angefanya nini?

Kijana akajaza upepo, akasikiliza, hakusikia kitu. Presha ilikuwa chini mno kwa masikio yake na kwa makelele yake. Akaachia, akajaza tena. Akasema kipimo kibovu, akajaza mara ya tatu, akaukaza kwa muda mrefu kuliko mara zote, na mimi nikahisi vidole vyangu vya kushoto vinakufa ganzi kimoja kimoja. Nikavumilia. Nilikuwa nahesabu hatua zake kama nilivyohesabu mistari ya waliokosea ubaoni. Hatimaye akaufungua, akasimama, akasema kwa kujiamini, "Tisini kwa hamsini."

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Nikaweka kikombe chini na nikapandisha mkono wa sweta polepole mpaka ule mshipa ukaonekana wote. Sijawahi kuona uso unabadilika rangi haraka hivyo. Wenzake wanne wakaangua kicheko, kile kicheko chenyewe ninachokifahamu, na mimi nikacheka pamoja nao mpaka nyonga zikauma. Binti hakucheka. Alikuja akaweka vidole vyake vitatu akafumba macho, na safari hii alikaa muda mrefu zaidi. "Mwalimu, naona kama umefifia," akasema. Nikamwambia kwake kila kitu kimefifia, aende akanywe chai.

Nilirudi nyumbani Yombo nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu. Nilimhadithia mke wangu jinsi kijana alivyobabaika. Sikumweleza ni kwa nini.

Alfajiri nikatawadha. Nikaosha mkono wa kulia, nikahamia wa kushoto, maji yakateremka kutoka kiwikoni, kiganja kikapita juu ya mshipa. Kikapita tena. Nikafunga bomba ili kusikiliza vizuri, nikauweka mkono sikioni. Hapakuwa na kitu. Mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa. Nilikaa kwenye stuli ya bafuni, maji yananidondoka, nikiukandakanda ule mkono kama mtu anayemwamsha mtoto mgonjwa. Mke wangu akagonga mlango. Nikatoka. Alichukua mkono wangu mwenyewe, akauweka kwenye shavu lake.

"Umenyamaza," akasema.

Tulifika hospitali kabla madirisha ya kuandikishia hayajafunguliwa. Daktari wa upasuaji alijaribu siku ile ile kuutoa mgando. Mshipa ukapiga kwa saa chache, ukaziba tena, na mara ya pili akasema haifai kuendelea kuchezea. Mkono wa kushoto juu ya kiwiko nao haukufaa, mishipa yake ilikuwa imeshaharibiwa na dripu za mwaka wa kwanza. Nikawekewa mpira shingoni, unaoning'inia nje kama mrija wa soda, ambao haupaswi kulowa, na kila muuguzi aliyenihudumia alinionya kuwa vijidudu vikiingia vinaelekea moja kwa moja moyoni. Huo ulikuwa wa muda tu. Mshipa wa kudumu ungetengenezwa mkono wa kulia. Wa chaki. Wa kulia chakula na kushikana na watu mikono.

Daktari bingwa alikuja kitandani kwangu akiwa amekunja uso. "Mwalimu, mkono huu umefanywa nini?"

"Waulize vijana wako," nikasema.

Hakuhitaji zaidi ya hapo. Kijana wa Msasani alikiri mwenyewe, hata kabla hajaulizwa mara mbili. Akaambiwa asiguse mgonjwa yeyote mpaka suala lake liamuliwe, na kwamba huenda akarudia mwaka. Habari hizo nililetewa na muuguzi aliyekuwa ananibadilishia bandeji shingoni, na nakiri kwamba zilinitia nguvu. Nilipata mtu wa kumlaumu, tena mwenye kunukia vizuri. Kwa wiki nzima kila aliyekuja kunijulia hali nilimpa hotuba juu ya madaktari wa siku hizi. Wanasomea kwenye simu, nikasema. Hawana macho. Watatuua wote. Wageni walitikisa vichwa, wakala chapati za mke wangu, wakaenda zao wameridhika.

Jumapili mchana kijana akaja nyumbani. Sijui nani alimwelekeza Yombo. Alikuja bila koti jeupe, viatu vimejaa vumbi, amebeba mfuko wa machungwa na ndizi mbivu. Nikautazama ule mfuko. Potasiamu tupu! Miaka minne ya udaktari, na anamletea mgonjwa wa figo machungwa. Karibu nimshukuru kwa kunipa sababu nyingine ya kumdharau.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. "Nimekuja kuomba msamaha, mwalimu. Mie nimekuharibia mkono wako. Silali. Nikifumba macho nauona ule mpira naujaza upepo." Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima asiyejua afiche wapi pua yake. "Baba yangu mwenyewe nilimwambia, nimemharibu mtu."

Na mimi nikafanya nini? Nilinyoosha mkono, nikamgusa bega, nikasema kwa sauti ya huruma kubwa, "Nimekusamehe, mwanangu. Kosa ni la kila binadamu." Nilimsamehe! Nilijisikia kama shehe. Akanibusu mkono, ule uliokufa, akaondoka akijifuta uso.

Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni na ule mfuko wa machungwa. Alisubiri mpaka geti likafungwa.

"Alikufunga mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na wewe ulikuwa umelala?"

Nikainuka kukunja mkeka.

"Mkono ule mie mkeo hukuniruhusu hata kuuegemea," akasema. "Mjukuu akiushika unamfokea. Leo mtoto wa watu anaufunga mpira mara tatu, wewe unamwangalia, halafu anakuja kukulilia hapa na wewe unamsamehe?" Akaweka mfuko mezani. "Ulikuwa unamfanyia ile tabia yako ya darasani."

Aliingia jikoni. Nikabaki na machungwa. Kwa mara ya pili mwanamke yule alikuwa amegundua ninachoumwa, na kwa mara ya pili alihitaji kunitazama tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na aibu ile haikuwa na mtu wa kumtupia. Niliwakumbuka watoto wa Temeke mmoja mmoja, wamesimama ubaoni na vumbi la chaki puani, wanageuka kwenye kicheko. Sikuweza kukumbuka hata mmoja aliyerudi kwenye somo langu akiwa ameelewa zaidi. Nilichokumbuka ni kwamba hawakunyoosha mkono tena.

Wiki iliyofuata nilipasuliwa mkono wa kulia. Mshipa mpya unahitaji wiki nyingi kunenepa kabla haujatumika, na kwa siku za mwanzo mkono ulivimba hata sikuweza kukunja vidole. Mke wangu akawa ananilisha ugali kwa tonge, bila maneno, kama anavyomlisha mjukuu. Nilikula. Nilikuwa sina jeuri iliyobaki ya kukataa.

Alhamisi baada ya hapo nilimwambia daktari bingwa niko tayari kukaa tena na vijana. Akashangaa, lakini akakubali. Wakaja wale wale sita. Kijana wa Msasani alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, mikono nyuma, kwa kuwa hakuruhusiwa kugusa. Binti wa bara alikuwa mbele na daftari lake. Daktari bingwa akaanza kwa kueleza kwamba mgonjwa huyu amepoteza mshipa wake baada ya kupimwa presha mkono usiopimwa, na kwamba taarifa ya tukio anaipeleka chuoni kesho. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, waeleze mwenyewe historia yako."

Historia ya mgonjwa, nimewafundisha mara nyingi, inaanzia mwanzo na haifichi kitu. Jibu la nusu lilikuwa linapata sifuri kwangu.

"Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia," nikasema. "Sio hesabu. Figo nimeifundisha miaka ishirini na minane." Daktari bingwa akainua macho kwenye faili. "Siku ile mkono wa sweta uliufunika mshipa, nikauacha hivyo ili kijana asiuone. Alipochukua kipimo nilimwona. Alipofunga nilimwona. Huyu binti alitaka kumzuia, mimi nikamnyamazisha kwa kidole. Nilitaka akosee mpaka mwisho ili nimcheke. Nikamcheka. Andika hivyo kwenye hiyo taarifa, daktari."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikuwa anavuta kamasi, sikugeuka kumtazama ni nani. Binti alikuwa ameacha kuandika. Akanitazama kwa muda wake ule mrefu, kisha akainama akaandika, na nilipomchungulia nikaona ameanza ukurasa mpya.

Daktari bingwa alifunga faili. Hakunisifu wala hakunilaumu. "Bado ni yeye aliyefunga," akasema. "Lazima aulize kabla ya kufunga. Hilo halibadiliki." Akaangalia kule mlangoni. "Njoo. Chukua kipimo. Pima presha."

Kijana akaja. Akachukua kipimo. Safari hii alipiga goti mbele yangu, katikati, hakuegemea upande wowote.

"Mwalimu," akauliza, "nipime mkono upi?"

Nikamnyooshea wa kushoto. Sasa hauna kitu cha kuharibika.